Vespa PX 150 inayoishiwa pumzi kilimani: pesa kidogo ianzie wapi

"Nina Vespa PX 150 ya mwaka 1983, injini bado ni ile ya kiwandani. Nikiwa peke yangu kwenye tambarare inakwenda vizuri, lakini nikibeba mtu na kupanda kilima nashuka mpaka gia ya pili. Fundi mmoja ameniambia nifunge silinda ya 210. Mwingine anasema nitoe kichujio cha hewa na nizidishe oili kwenye petroli ili injini isipate moto. Wa tatu anasema ekzosi ya mashindano peke yake inatosha. Mfuko wangu ni mdogo na sitaki kuiua injini. Nianze wapi?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Katika maelezo yako hakuna mahali uliposema unataka kukimbia zaidi. Unachotaka ni injini ivute ikiwa na watu wawili, katika mzunguko wa chini na wa kati, bila kukimbilia gia ya pili. Shika hilo, kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa kwa ajili ya skuta hizi vimetengenezwa kuongeza mwendo wa juu, na baadhi yake hupunguza nguvu pale pale unapoihitaji.

Nianze na ushauri uliopewa. Silinda ya 210 haiingii kwenye injini yako. Hiyo ina kipenyo cha mm 68.5 na ilitengenezwa kwa ajili ya injini ya 200, ambayo mdomo wa kasha lake (gamba la chini linalobeba kranki) ni mpana zaidi na stadi zake (boliti ndefu zinazoshikilia silinda) ni nene zaidi. Yako ina kipenyo cha mm 57.8, na pistoni inasafiri mm 57, ndipo unapata cc 150. Kwa kasha lako, ukubwa unaoingia bila kulichonga ni wa mm 63, yaani cc 177. Nitaurudia chini, ila usiununue bado.

Kutoa kichujio cha hewa kunaongeza hewa bila kuongeza petroli. Kabureta yako, Dell'Orto SI 20/20, imepimwa pamoja na kichujio chake. Hesabu ya jeti zilizomo ndani inategemea kifuniko kile kiwepo. Kuzidisha oili nako hakufanyi kazi wanayoidhania watu. Jeti ni tundu lenye kipimo maalumu. Kadiri oili inavyokuwa nyingi kwenye mchanganyiko, ndivyo petroli inayopita kwenye tundu lile inavyopungua, na mchanganyiko wenyewe unakuwa mzito zaidi kupita. Matokeo yake injini inapata petroli kidogo kwa hewa ile ile, na joto linapanda badala ya kushuka. Asilimia 2 inatosha: mililita 20 za oili nzuri ya injini za mipigo miwili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Pima kwa chombo chenye alama, usikadirie kwa macho.

Ekzosi ya mashindano, ile yenye tumbo kubwa katikati, inafanya kazi kwa mawimbi ya shinikizo. Moshi ukitoka, wimbi linakwenda mpaka kwenye koni ya nyuma na kurudi, na likifika kwenye tundu la moshi kwa wakati ufaao linarudisha ndani mchanganyiko uliokuwa unataka kutoroka. Wakati huo ufaao unapatikana kwenye mzunguko wa juu tu. Chini ya hapo wimbi linafika wakati usiofaa, na injini inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa na bomba la zamani. Kwa mtu anayepanda kilima na abiria, hiyo ni hasara.

Sasa tuelewane injini yenyewe inavyopumua, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unatoka hapo. Pistoni inapopanda, inavuta hewa na petroli kuingia kwenye chumba cha kranki kilicho chini yake. Kwenye PX hakuna vali ya kawaida ya kuingizia: bapa la kranki lenyewe, likizunguka karibu sana na uso laini wa kasha, ndilo linalofungua na kufunga tundu chini ya kabureta. Pistoni inaposhuka, inaubana mchanganyiko ule ndani ya chumba na kuusukuma juu kupitia njia za pembeni za silinda. Kwa hiyo chumba cha kranki ni pampu. Pampu inayovuja haiwezi kusukuma, hata uifungie silinda ya ukubwa gani. Tena mchanganyiko huo ndio unaolainisha beringi na kuipooza pistoni kutoka chini. Petroli ikipungua, nguvu inapungua, mwako unakuwa mkali, na pistoni ya alumini inatanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma cha kutupwa iliyoizunguka. Nafasi kati yao ikiisha, pistoni inanata. Hivyo ndivyo injini nyingi za namna hii zinavyonoki.

Ndiyo maana nakuomba pesa ya kwanza usiiweke kwenye silinda. PX 150 nzima inatoa nguvu ya farasi kama 8 tu. Ikipoteza moja kwa uchafu na nyingine kwa kuvuja, utaona kilimani mara moja. Injini yenye umri wa miaka arobaini ambayo haijawahi kufunguliwa karibu kila mara imepoteza kitu, na kukirudisha ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote.

Anza na ekzosi. Ifungue, uitazame kwenye shingo: masizi magumu hujijenga hapo na kwenye tundu la moshi la silinda mpaka njia inabaki nusu. Ukiwa umetoa kichwa cha silinda na silinda, kwangua masizi kwa kipande cha mti mgumu au alumini, usitumie bisibisi ya chuma inayoacha mikwaruzo. Ekzosi yenyewe kama imejaa ndani au imeoza, usihangaike nayo. Mpya ya aina ya kawaida inatosha, au ile ya Sito Plus, yenye umbo kama la kiwandani lakini inayopumua kidogo zaidi na haiharibu uvutaji wa chini.

Fuata kabureta. Itoe kwenye boksi lake, isafishe jeti zote kwa hewa ya shinikizo, usipitishe waya kwenye matundu kwa sababu waya unayapanua. Kisha weka rula iliyonyooka kwenye uso wake wa chini. Kabureta hizi hupinda kwa sababu mafundi hukaza kupita kiasi zile boliti mbili ndefu, na ikipinda inavuta hewa pembeni. Kama imepinda kidogo, tandika msasa wa namba 400 juu ya kioo na uusugue uso huo taratibu kwa mwendo wa duara mpaka ulingane. Weka gasketi mpya.

Baada ya hapo pima mgandamizo, injini ikiwa ya moto, mkono wa mafuta ukiwa wazi mpaka mwisho, kiki mara kadhaa mpaka sindano ya geji isipande tena. Bar 8 na kuendelea ni injini yenye afya. Chini ya 6, ringi au silinda imechoka, na hapo ndipo mazungumzo ya silinda mpya yanapokuwa na maana.

Oili sili za kranki, yaani mipira inayoziba pembeni ya mhimili wake, zinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndizo zinazoua silinda mpya za watu. Zipo mbili. Ya upande wa sumaku, lile gurudumu zito lililo mwisho wa kranki, ikivuja, injini inavuta hewa kavu: ukiachia mkono wa mafuta, mzunguko unakawia kushuka, au unapanda wenyewe injini ikishapata moto. Hii inabadilishwa bila kupasua injini, ila unahitaji chombo maalumu cha kuvutia sumaku. Usiigonge kwa nyundo. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mwingi usioisha, na ukimwaga oili ya gia unakuta imepungua kutoka mililita 250 zinazotakiwa za SAE 30. Hii ya pili iko ndani ya beringi, kwa hiyo kasha lazima lipasuliwe. Njia ya uhakika ya kujua ni kuziba tundu la moshi na la kabureta, kutia hewa ya bar 0.4 tu, na kutazama geji kwa dakika chache. Ikishuka haraka, paka maji ya sabuni ufuatilie mapovu.

Kuna ukaguzi mwingine usiogharimu kitu ambao wengi wanauruka. Kabureta ikiwa imetoka na plagi imefunguliwa, zungusha sumaku kwa mkono mpaka bapa la kranki lifunge tundu la kuingizia, kisha mimina oili kidogo ya mipigo miwili juu yake. Ikikaa, uso ule ni mzima. Ikitoweka mara moja, umekwaruzwa, na mchanganyiko unarudi nyuma kwenye kabureta kila pistoni inaposhuka. Uso huo ni sehemu ya kasha lenyewe, si kipuri cha kununua dukani, kwa hiyo ukikutwa mbaya simama kwanza na umtafute fundi anayezijua Vespa.

Ukimaliza haya, panda tena kilima kile kile na abiria yule yule. Inawezekana kabisa gia ya tatu ikakutosha, na pesa yako ikabaki.

Kama haitoshi, au mgandamizo umeonyesha silinda imechoka, sasa tuzungumze kuhusu 177. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga silinda yako ya zamani na kuifungia pistoni kubwa kidogo. Pistoni zinapatikana kwa hatua za mm 0.2. Injini inarudi ilivyokuwa mpya, lakini haiongezeki nguvu. Ya pili ni seti ya silinda na pistoni ya mm 63. Mara nyingi gharama zake hazipishani sana, na ndiyo maana mtu ambaye silinda yake imekwisha ana sababu nzuri ya kuchukua 177, huku mwenye silinda nzima hana haraka hiyo. Ongezeko la ujazo ni karibu asilimia 19, na linaonekana zaidi kwenye uvutaji kuliko kwenye mwendo wa mwisho.

Miongoni mwa seti zinazouzwa na viwanda mbalimbali, kwa haja yako ningechagua ya DR, ya chuma cha kutupwa. Ni ya upole kuliko nyingine, inaingia bila kuchonga kasha, na inavuta kuanzia chini. Polini ya chuma ina nguvu zaidi, lakini ili uipate yote njia za kasha zinatakiwa zipanuliwe zilingane na za silinda, na hapo tayari unalipia kupasua injini. Malossi ya 166, yenye kipenyo cha mm 61, nayo inapenda mzunguko wa juu. Pinasco ya alumini inapoza joto vizuri, ila bei yake ni ya juu. Faida nyingine ya chuma cha kutupwa ni kwamba siku ikinata inaweza kuchongwa tena.

Kazi ya kuifunga ni ya mchana mmoja kwa mtu mwenye vifaa na subira. Ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa safi kabla ya kutoa klipu za pini, kwa sababu klipu ikidondokea ndani utapasua injini kuifuata. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, pistoni ikiwa imetoka uivute juu na chini: isiwe na mchezo hata kidogo upande huo, ingawa kuchezacheza kushoto na kulia ni kawaida. Kama inacheza juu na chini, usifunge silinda mpya juu ya kranki hiyo. Ingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda kama sentimita moja, uisukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa mm 63 lengo ni karibu mm 0.25. Ikiwa dogo mno piga tupa taratibu kwenye ncha moja. Papasa kingo za matundu yote ya silinda kwa kidole: zikiwa kali kama wembe, zivunje ukali kwa msasa laini, la sivyo zitakwangua ringi. Mshale wa juu ya pistoni uelekee tundu la moshi, ambalo kwenye PX liko chini. Klipu ziwe mpya, beringi ya sindano iwe mpya.

Kabla ya kukaza moja kwa moja, pima nafasi kati ya pistoni na kichwa. Weka vipande viwili vya waya wa kulehemia wa risasi juu ya pistoni, ukingoni, kwenye mstari wa pini, funga kichwa, zungusha sumaku taratibu pistoni ipite juu kabisa mara moja, kisha pima waya uliobanwa. Kati ya mm 1.2 na 1.8 ni pazuri. Chini ya mm 1 usiiwashe, ongeza gasketi. Nati za kichwa zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, hadi Nm 13 mpaka 18 kwenye kipimo cha kukazia nati. Hizo ni stadi za mm 7, na nyuzi zake kwenye alumini ya zamani hung'oka kirahisi.

Sasa jeti, na hapa ndipo nakuomba usifanye uchoyo, kwa sababu jeti moja ni ya bei ndogo na pistoni ni ghali. Kabureta yako ya kiwandani ina jeti kubwa ya 100 hivi. Silinda ya 177 inavuta hewa zaidi, kwa hiyo nunua jeti kadhaa kati ya 102 na 114 na uanze na kubwa. Funga 112, endesha: ikiwa inakohoa na kubwabwaja mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa, shuka namba mbili, jaribu tena. Ukifika inapovuta safi, hapo ndipo pa kuacha, na ukisita kati ya mbili chukua kubwa. Uhakikishe kwa kusoma plagi: katika barabara tupu, gia ya tatu, mkono wa mafuta wazi kabisa kwa mita mia kadhaa, kisha kwa pamoja zima injini na ukamate klachi, simama, toa plagi. Kahawia ni salama, nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, nyeupe au kijivu cha kung'aa ni hatari. Fanya jaribio hili baada ya kulainisha silinda, si siku ya kwanza. Plagi yenyewe ipande daraja moja la ubaridi, kwa mfano kutoka NGK B7HS kwenda B8HS. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kichujio cha hewa kinabaki. Kabureta kubwa zaidi ya 24/24 unaweza kuisahau kwa sasa, 20/20 inailisha DR vizuri kwa uvutaji unaoutaka.

Cheche nayo itazamwe kwa taa ya taiming. Kwa PX 150 ya kuwasha kielektroniki, kipimo ni nyuzi 18 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na kwa 177 baki hapo. Usiiwahishe ukitafuta nguvu, maana joto linapanda haraka kuliko nguvu. Ukitaka kuichelewesha kidogo, sahani ya koili inageuzwa kuelekea upande ule ule sumaku inakozungukia.

Kuhusu gia, watu watakuambia ubadilishe gia ya klachi mara tu unapofunga 177. Yako ina meno 21 yanayozungusha 68, na ya meno 22 inarefusha mwendo kwa karibu asilimia 5. Kwa anayesafiri mbali kwenye tambarare ni nzuri, injini inatulia. Kwako wewe inarudisha sehemu ya kile ulichokilipia kilimani, kwa hiyo baki na 21. Klachi ikianza kuteleza, yaani mlio unapanda na skuta haiongezi mwendo, badilisha sahani na uweke springi ngumu kidogo.

Kilomita 500 za kwanza usiivute mpaka mwisho kwa muda mrefu, wala usiikokote kwa mzunguko wa chini ikiwa imelemewa. Badilisha mwendo mara kwa mara, na usibebe abiria kilimani mpaka uzimalize. Wakati wowote ukihisi injini inakaba ghafla au mlio wake unabadilika kuwa mkavu, kamata klachi papo hapo kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Ikiachiwa gurudumu la nyuma lijifunge ukiwa barabarani, unaanguka.

Breki za dramu za skuta hii zilikuwa za kutosha kwa nguvu yake ya awali, tena zikiwa nzima. Kagua viatu, kebo na matairi kabla ya kuongeza chochote. Uliza pia masharti ya usajili, leseni na bima yako, kwa sababu cc zilizoandikwa kwenye hati zitakuwa tofauti na zilizomo kwenye injini, na bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo.

Mambo ambayo usiyafanye peke yako ni haya: kupasua kasha kwa ajili ya sili ya upande wa klachi au kranki inayocheza, kutengeneza uso uliokwaruzwa chini ya kabureta, na kurudishia nyuzi za stadi zilizong'oka. Kabla hujamkabidhi fundi injini, muulize kama ana chombo cha kuvutia sumaku, taa ya taiming, na kipimo cha kukazia nati. Asiye na hivyo vitatu atakuwa anakisia, na kwenye injini ya mipigo miwili makisio yanalipwa kwa pistoni. Ukishapata namba za mgandamizo na za geji ya hewa, zipeleke kwake zikiwa zimeandikwa. Zitamfupishia kazi na wewe zitakupunguzia bili.